Vichupa Viwili vya Hana-Jina

Ukiitwa Nergui, hospitali utachekwa tu, hakuna namna. Nesi anafungua mlango, anapaza sauti, "Hana-Jina! Hana-Jina yuko wapi?" maana ndivyo jina lenyewe linavyosema, na benchi zima linageuka kumtafuta mtu ambaye wazazi wake walichoka kufikiri.

Mzee Nergui alikuwa ameshazoea. Aliinuka taratibu, mkono umeshika ubavu alipochanwa, akasema, "Mimi nipo. Jina ndilo halipo."

Watu wakacheka. Hata nesi akacheka. Undral, binti yake, alibana midomo akamshika mzee kiwiko, maana yeye alijua ugonjwa uliowaleta pale na baba yake alikuwa hajui.

Jina lile halikutoka kwenye uvivu. Mama yake Nergui alizaa watoto wa kiume wakafa, akazaa tena wakafa, na huyu alipotoka analia kwa nguvu bibi mmoja akasema msimpe jina. Kinachokuja kuchukua watoto kikifika mlangoni kikauliza mtoto wa nyumba hii anaitwa nani, kiambiwe hana jina, kitachanganyikiwa kitaondoka. Basi kikaondoka kweli. Nergui akakua, akafuga farasi kule Dundgobi, kwenye jangwa la Gobi, akaoa, akazaa, akafiwa na mke, akazeeka, na kitu kile hakikurudi kuuliza. Mpaka kiangazi hiki, alipoanza kukataa nyama. Mtu wa Gobi akikataa nyama, majirani hawahitaji daktari kuwaambia kuna jambo.

Undral alimleta mjini Ulaanbaatar, anakoishi yeye. Picha zikapigwa, na daktari akamwita binti pembeni: kansa ya ini. Imekaa mahali pazuri, inaweza kukatwa. Undral alikuwa bado hajafuta machozi pale kwenye ngazi wakati shangazi Jargal, mdogo wake mzee, alipomkamata mkono.

"Usimwambie."

"Shangazi, atakatwa tumbo. Atauliza anakatwa nini."

"Mwambie ni uvimbe wa maji, ule wa minyoo ya mbwa. Nusu ya wafugaji wameshakatwa huo. Lile neno lingine usilitoe mdomoni kwako, we mtoto. Neno kama lile ukiliita, linaitika."

Basi wakamwambia ni uvimbe wa mbwa. Mzee akaamini, akakatwa, akaamka, akaomba chai ya chumvi. Undral akaona kumbe uongo wenyewe mwepesi hivi. Ila kuna kitu alikuwa hajakipigia hesabu. Siku ile ile, kabla hata hajaweza kukaa vizuri kitandani, mzee alimpigia jirani yake Damba kule malishoni akamwambia Basar apelekwe mbali, apewe mtu yeyote wa wilaya nyingine. Basar ni mbwa wake. Mbwa mweusi mwenye madoa mawili ya njano juu ya macho, aliyekuwa analala mlangoni pa hema lake la sufu hata kwenye baridi ya kuua ndama. Undral alisikia simu ile yote. Akatazama dirishani.

Sasa siku hii waliyoitwa, jeraha lilikuwa limepona vizuri na mzee alikuwa na neno moja tu mdomoni: nyumbani. Vuli ilikuwa inaisha. Farasi walitakiwa kuhamishwa kwenda kwenye kambi ya baridi, chini ya mlima unaozuia upepo, na Damba peke yake hawezi. Daktari Delgermaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimkagua akamwambia avae, akamtuma na nesi akapimwe presha. Mlango ulipofungwa akamgeukia Undral.

"Unakumbuka nilikwambia tumechukua kipande cha ule uvimbe tukipeleke maabara?"

Undral alikumbuka. Siku ile daktari alimweleza vizuri mpaka akaelewa, na yeye ni mtu anayeuza kofia na glavu sokoni, hana habari na jeni. Alimwambia hivi: kila seli ina jeni zote, kama ukoo mzima uliokaa ndani ya hema moja. Wote wapo. Lakini kuna anayenyamaza, kuna anayenong'ona, na kuna anayepiga kelele mpaka nguzo zinatikisika. Wao maabara wanapima nani anaongea na kwa sauti kiasi gani. Katika kansa ya ini kuna jeni chache ambazo zikipiga kelele, ugonjwa huwa unarudi mapema hata kama umekatwa ukaisha. Zikiwa kimya, wagonjwa wengi hukaa miaka mingi salama. Kwa hiyo majibu yakiwa ya kimya, mzee aende kwa farasi wake, arudi masika kuangaliwa. Yakiwa ya kelele, apigwe picha kila mwezi, ili kikichipuka kitu kikamatwe kingali kidogo. Na kila mwezi maana yake akae mjini, kwa sababu kutoka malishoni kwake mpaka hospitali, wakati wa theluji, ni safari ya mtu mwenye bahati.

"Majibu yametoka?" Undral akauliza.

Daktari alishusha pumzi. "Yametoka, ila sijui yapi ni ya kwake."

"Sijaelewa."

"Kwenye barafu kali karatasi za majina huwa zinabanduka. Kichupa kikipoteza jina, watu wa maabara wanakiandika kwa kalamu nergui, hana jina, wanakiweka kwenye kisanduku cha pembeni. Sasa siku ya upasuaji palikuwa na haraka. Kichupa cha baba yako kikaandikwa jina lake tu, bila jina la babu yako, bila namba. Nergui. Msichana wa zamu akakiona..."

"Akadhani hakina jina."

"Akakiweka na wasio na jina. Na mle ndani kulikuwa na kingine, hicho kweli kilipoteza karatasi. Viko viwili, mwandiko ule ule. Wamevipima vyote." Daktari akatazama mikono yake. "Kimoja kimya. Kimoja kinapiga kelele."

Undral alitaka kucheka, akashindwa, akataka kukasirika, akashindwa pia. Lile jina lilitungwa kudanganya kifo, sasa limedanganya hospitali.

"Mtafanyaje?"

"Damu. Tukilinganisha damu yake na kile kipande, tunajua siku hiyo hiyo kipi ni chake. Ila ni lazima nimwambie kwa nini namtoa damu, na aweke saini. Nyinyi mmesema hajui." Akautazama mkono wa Undral. "Au damu yako wewe. Mtoto ni nusu ya baba yake. Inatosha."

Hapo ndipo Undral aliposikia moyo wake ukitulia. Hakufikiri hata kidogo. Alikunja mkono wa sweta. Sindano ikaingia, ikatoka, akabandikwa pamba, na mzee aliporudi kutoka kwenye presha akakuta binti yake amekaa kwa adabu kama hakuna kilichotokea. Shangazi Jargal alipopigiwa simu alimsifu: "Umefanya kama mtu mzima."

Walirudi nyumbani kwa Undral, chumba kimoja na jiko ghorofa ya juu, wakala supu ya kondoo. Joto la mabomba lilikuwa kali, kama kawaida ya nyumba zile, na Undral bila kukumbuka akavua sweta ili aoshe vyombo.

"Hiyo nini?" mzee akauliza.

"Nini?"

"Kwenye mkono. Hiyo pamba."

"Aa, walinipima tu. Kila mtu anapimwa."

"Kila mtu." Mzee aliweka bakuli chini. "Mimi nimefuga wanyama maisha yangu yote, binti. Farasi akiumwa, sijawahi kumtoboa mtoto wake. Ila mara moja. Kulikuwa na ubishi dume gani ndiye baba, akaja mtu wa serikali akatoboa mtoto. Sasa niambie, kuna ubishi gani?"

Undral akafungua bomba la maji. Akalifunga. Alijaribu uongo mmoja kichwani, haukukaa. Akajaribu mwingine. Mzee alikuwa anangoja kama anavyongoja farasi asiyetaka hatamu, bila kumsogelea.

"Baba, haikuwa uvimbe wa maji."

"Ehe."

"Ilikuwa... ini lako lilikuwa na kansa."

Basi, limesemwa. Taa haikuzimika, ukuta haukuanguka, jirani wa juu aliendelea kuburuta kiti chake. Mzee akalisogeza bakuli pembeni. Halafu akauliza kitu ambacho Undral hakukitegemea kabisa.

"Kwa hiyo Basar hakuwa na kosa?"

Undral akaanza kusugua sufuria.

"Nakuuliza. Mbwa hakuwa na kosa?"

"Hakuwa na kosa, baba."

"Nimemfukuza mbwa mzee mlangoni kwangu, na baridi inaingia." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza binti zaidi. "Mimi kuumwa si kazi yenu, ningeumwa tu. Lakini yule mnyama mmemsingizia."

"Shangazi alisema neno likitajwa..."

"Jargal! Jargal anaogopa hata kutaja mbwa mwitu, anamwita 'yule mzee wa porini'. Na mbwa mwitu wanakula kondoo wake kila mwaka." Alicheka pumzi moja tu, puani, akashika ubavu. "Haya. Keti. Sema yote sasa, usiniachie mkia nje."

Undral akasema yote. Ukoo ndani ya hema, anayenyamaza na anayepiga kelele. Kambi ya baridi au mjini. Halafu kile kisanduku cha pembeni, na vichupa viwili. Mzee aliposikia jinsi jina lake lilivyosomwa, alipiga paja.

"Mama yangu! Mpaka kwenye barafu ameendelea kunificha!"

"Si mambo ya kucheka, baba."

"Sasa nilie? Haya, na kile kingine?"

"Kingine nini?"

"Kichupa kingine. Cha nani?"

"Sijui. Hakina jina."

"Mimi nilikuwa sina jina, na nipo hapa nakula supu. Na yule naye yuko mahali anakula supu." Aliinamia mezani. "Sikiliza. Farasi wa mtu akipotea akaingia kwenye kundi langu, simtazami wangu nikasema huyu ndiye, yule mwingine atajijua. Natuma habari. Napanda kilima napiga simu mpaka mwenyewe apatikane, hata kama ni farasi kilema. Hasa kama ni kilema. Mwambie daktari wako amtafute mwenye kichupa. Mpaka apatikane, mimi majibu yangu siyasikii, na wewe usiyasikie."

"Baba, daktari ana kazi nyingi."

"Na mimi nina farasi wengi. Mpigie."

Undral akapiga. Alitegemea daktari akasirike. Daktari Delgermaa akasema, "Mwambie mzee ana haki," na sauti ilikuwa ya mtu aliyekuwa anajua hivyo tangu mwanzo, akapitiwa.

Haikuchukua muda. Ukitazama waliokatwa ini vuli ile na ambao vipande vyao havionekani, ukimtoa Nergui, alibaki mtu mmoja. Aliambiwa kipande chake kimeharibika, akasema haya, akarudi kwenye lori lake la makaa ya mawe. Akaitwa, akaelezwa habari ya vichupa. Akaja.

Undral alimwona ukumbini hospitali asubuhi ya majibu, bwana mmoja wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, vumbi jeusi kwenye mikunjo ya shingo ambalo hakuna sabuni inayolitoa. Alikaa pembeni ya mzee, na kama watu wenye adabu wakatoa vichupa vyao vya ugoro, wakabadilishana kwa mikono miwili, wakanusa, wakarudishiana.

"Umeamka salama, kaka?" bwana yule akauliza.

"Salama. Farasi wamenona?"

"Mimi nina lori tu. Limenona madeni." Yule bwana akaguna. "Naitwa Enebish."

Mzee alimgeukia mwili mzima. "Unaitwaje?"

"Enebish. Siye-Huyu. Kabla yangu walikufa wawili, basi mama akasema..."

"Kikija kuuliza, kiambiwe siye huyu!" Mzee alicheka mpaka akashika ubavu, na Enebish naye akashika ubavu wake, upande ule ule. "Mimi Nergui, bwana! Hana-Jina!"

"Acha utani!"

"Muulize binti yangu!"

"Ndiyo, mjomba," Undral akasema. "Hana-Jina kabisa."

"Ndiyo maana wametupoteza sisi wawili," Enebish akasema akipangusa macho. "Mama zetu walifanya kazi nzuri kupita kiasi."

Waliongea kama wamefahamiana tangu utoto, barabara, bei ya makaa, theluji. Usiku kucha Undral alikuwa amemwomba kila anayeombwa kichupa cha kelele kisiwe cha baba yake, na sasa alimtazama huyu bwana mwenye shingo nyeusi, anayecheka, na akaelewa alikuwa anaomba nini hasa. Akajaribu kuyarudisha maombi yale. Hayakurudi. Bado alikuwa anaomba vilevile, ila sasa kwa aibu.

"Hana-Jina!" nesi akaita. "Na Siye-Huyu!"

Benchi zima likageuka.

Daktari Delgermaa aliwauliza kama wanataka kusikia kila mtu peke yake. Enebish akamtazama mzee.

"Tulikaa kisanduku kimoja," mzee akasema. "Tuambie chumba kimoja. Ila kabla hujasema, daktari, hivi vitu vyako ni kama kurusha mifupa ya kondoo kupiga ramli?"

"Si ramli, mzee. Ramli inakwambia litakalotokea. Mimi nakwambia lililotokea kwa watu wengine wenye uvimbe kama huu. Wenye kelele, wengi wao ulirudi ndani ya miaka miwili. Si wote. Na waliokuja kila mwezi, tuliwahi wengi. Ni alama ya njia, mzee."

"Sema."

Daktari alifungua jalada, ingawa ilionekana hahitaji kusoma. "Enebish. Chako ni kile cha kimya."

Basi hapakuwa na haja ya kusema kingine.

Enebish hakufurahi. Ungetegemea angeruka, angeshika kichwa, kitu fulani. Alikaa na mikono yake mikubwa magotini akiitazama sakafu, kama mtu aliyekutwa na farasi wa mwenziwe.

Mzee ndiye aliyesema kwanza. "Unaona? Siye huyu."

"Kaka, nisamehe."

"Nikusamehe nini, wewe ndiye uliyepiga kelele? Ni ini langu. Siku zote nilikuwa mpole, kumbe ini lilikuwa linagombana huko ndani." Alitabasamu, akaigeuza kofia yake mikononi mara mbili. "Kwa hiyo ni mjini, daktari? Kila mwezi?"

"Kila mwezi, mzee. Mpaka miaka miwili ipite."

"Hizo ni baridi mbili." Alitazama dirishani, nje kulikuwa na ukuta tu na mabomba. "Kwenye ile ghorofa sitamaliza hata moja. Kule juu nasikia viti vya watu usiku kucha. Kansa itanikuta nimeshakufa kwa viti."

"Baba," Undral akasema.

"Nasema kweli."

"Farasi wako wako wapi?" Enebish akauliza ghafla.

"Dundgobi. Kusini ya Mandalgobi, unaacha lami kwenye kisima cha zamani, unaingia magharibi."

"Kile kisima chenye tairi jeupe?"

"Hicho hicho."

"Mimi nalala pale na lori!" Enebish alinyanyua kichwa. "Makaa yanatoka kusini kabisa yanakuja mjini, barabara ni ile ile. Kila wiki napita. Theluji ikifunga, lami ndiyo ya kwanza kufunguliwa, maana mji hauwezi kukaa bila makaa. We mzee, daktari akwambie siku. Uje mpaka kwenye tairi, mimi nakuokota. Ukimaliza picha zako, nakurudisha."

"Nikae kwenye makaa?"

"Mbele, bwana! Kwenye kiti! Kuna joto kuliko nyumbani kwa binti yako."

Undral alimgeukia daktari. Daktari alikuwa anafikiria, kalamu mdomoni. "Kama atafika kila mwezi bila kukosa hata mmoja," akasema, "mimi sina shida analala wapi."

"Hatakosa," Enebish akasema. "Akikosa naenda kumtoa kwenye hema lake kwa kamba."

"Kwa kamba!" mzee akasema, na sasa alikuwa amekaa wima.

Kabla hawajatoka mzee alitakiwa kutolewa damu ya kwanza ya ule ufuatiliaji. Nesi alishika kichupa na kalamu. "Jina?"

"Nergui. Mtoto wa Luvsandash. Andika vyote viwili, na namba, na wilaya, na ukipata nafasi chora na chapa ya farasi wangu." Mzee alinyoosha mkono. "Mimi nimechoka kufichwa."

Nesi akaandika vyote isipokuwa chapa.

Ukumbini Undral alimpigia shangazi Jargal, na shangazi aliposema tu "Haloo," akamwambia, "Ni kansa, shangazi, na baba anajua, na ni ile ya kelele. Nitakueleza jioni." Upande wa pili kukasikika mtu akitema mate mara tatu kufukuza balaa. Undral akakata. Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango, simu yake ndogo ameibana sikioni, anaongea kwa sauti ya kilimani kana kwamba ukumbi mzima uko Gobi.

"Damba! Damba, unanisikia? Narudi na lori la makaa. Ndiyo, makaa! Farasi tutahamisha wiki hii. Sasa sikiliza: yule mtu uliyempa Basar anakaa wapi? Eh? Mbali kiasi gani? Nenda kamchukue." Alisikiliza, akakunja uso. "Hatakubali kukufuata? Basi mwambie hakuwa na kosa. Mwambie nani? Mwambie mbwa, wewe!"